Muhogo Mama Aliomchagulia Dada

Redio ya mume wangu haizimwi mpaka betri zife. Jioni moja walikuwa wakibishana humo kuhusu mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na zao lenyewe lilikuwa muhogo. Msomi mmoja alieleza kwa upole kwamba inawezekana muhogo kutiwa kinga ya ugonjwa maabara, ukatoka huko ukiwa mzima. Mwenzake alimkatiza kila sentensi: huo ni mtego, kesho mkulima ataambiwa pingili, vile vipande vya shina vya kupandia, zina mwenyewe na hana ruhusa ya kumkatia jirani. Watu wakapiga simu. Mmoja akaanza kutukana, wakamkata. Mume wangu akanigeukia na kuniuliza, "Wewe mtoto wa mkulima, uko upande gani?" Nikamwambia anywe uji wake, unapoa.

Nina hasira na pande zote mbili, na hasira zenyewe hazina adabu. Yule wa maabara anazungumza kama mtu ambaye hajawahi kumwona mama yake amekaa juu ya tuta bila cha kuchimba. Yule mwingine anazungumza juu ya haki ya kumkatia jirani kama mtu ambaye hajawahi kuona pingili inavyoweza kubeba balaa ikiwa imefungwa vizuri kwa mapenzi. Mimi nimeyaona yote mawili katika shamba moja, kwa watu wawili niliowapenda kuliko wote. Kwa hiyo wakianza kubishana mimi huinuka nikaenda zangu jikoni.

Kwetu ni ng'ambo, Busisi, upande wa Sengerema, kijiji kilicholala kati ya barabara na ziwa. Baba alikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika, mtu aliyeheshimiwa kwa sababu mizani yake haikuwa na ujanja. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, chama kikapwaya, ghala likabaki na popo, na baba akarudi nyumbani akaketi kama mgeni. Alijaribu dagaa, lakini uvuvi haukuwa kazi yake. Hakuishi sana baada ya hapo. Tukabaki mama, dada yangu na mimi, na kilichotulisha kilikuwa muhogo.

Ulikuwa muhogo wa bibi, mzaa mama, aliyekuja nao kutoka Ukerewe alipoolewa. Shina lake lilikuwa jekundu, na gome la mzizi lilibanduka kwa mvuto mmoja bila kupigana na kisu. Ukiuvundika na kuuanika ulitoa udaga mweupe, na ugali wake ulinata hasa, mtoto mwenye haraka aliungua vidole. Mama alikuwa na mkono wa kupanda. Simsifii kwa kuwa ni mama yangu. Kijiji kizima kilisema hivyo, hata wale waliokuwa hawampendi kwa ulimi wake.

Upande wa bibi walikuwa na desturi zao kuhusu pingili, na mama alizifuata kuliko alivyofuata mambo ya kanisani. Pingili haziuzwi. Wala haziombwi. Mwenye shida huja na gunia lake na kusema, "Nimekuja kukata," na mwenye shamba huinuka hapohapo. Kumwonyesha mtu shamba ajikatie mwenyewe ni kumdharau, kwa sababu mwenye shamba ndiye anayejua shina lipi ni zuri. Lazima achague yeye, kwa mkono wake. Na aliyepewa hasemi asante. Akisema asante, hazioti. Niliwahi kumwona mama akimnyang'anya mwalimu mgeni mzigo mzima kwa sababu kijana wa watu alikuwa na adabu na akashukuru. Akautupa kando, akaenda kumkatia mzigo mwingine, safari hii akimwonya afunge mdomo mpaka afike kwake.

Binti akiolewa, mama yake humkatia mzigo wa kuondoka nao. Akifika kule, tuta la kwanza hulipanda pamoja na mama mkwe, mmoja akichimba na mwingine akichomeka. Maana yake haikuhitaji kuelezwa. Watu wa kule wangekula chakula cha kwetu, na binti asingekuwa mgeni tena.

Kona ya chini ya shamba letu, karibu na mfereji wa maji ya mvua, mihogo ilikuwa na majani yenye madoa ya njano, yamejikunja kidogo pembeni. Sisi hatukuuita ugonjwa. Yalikuwapo tangu nimefungua macho. Tuliiita kona ya kisamvu, kwa sababu majani yale ukiyatwanga yalilainika upesi na yalikuwa matamu kuliko yale ya kijani yaliyokomaa. Wanawake wa kijiji wote walijua hivyo, kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya madoa anayoitunza kwa ajili ya mboga. Mizizi ya pale ilikuwa midogo kidogo kuliko ya katikati, lakini nani angelalamika?

Dada aliposwa na kijana wa Misungwi, ng'ambo, mbali na ziwa, mimi nilikuwa nimeshahamia mjini. Nilikuwa nimepata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, nimepanga chumba mtaa wa Igogo, nashinda nimesimama kwenye maji baridi na viatu vya mpira. Niliomba ruhusa nikaja harusini. Siku moja kabla ya dada kuondoka, mama alichukua panga akaniambia nimfuate kubeba. Nilidhani atakata yale mashina marefu ya katikati. Akayapita, akashuka mpaka kona ya chini.

"Mama, ya katikati ndiyo yenye mizizi minene," nilimwambia.

"Mizizi atapata popote," alisema. "Mboga ya nyumbani hataipata."

Alichagua kwa muda mrefu. Alishika shina moja moja, akaligeuza, akatazama kama macho ya kuchipulia yamekaribiana, akalipima kwa kiganja, mengine akayaacha bila sababu niliyoiona mimi. Aliongea na dada ambaye hakuwapo: hili litakufaa, hili hapana, hili lina kiburi. Kisha akazifunga pingili kwenye gunia lililoloweshwa. Kesho yake dada alivuka ziwa na pantoni amevaa gauni la kushonesha, mzigo ukiwa kati ya miguu yake, na hakumruhusu mtu yeyote ausogeze.

Bwana shamba alikuwa ameshapita mwaka ule akisema kwamba kuna batobato kali inakuja kutoka upande wa Bukoba, inamaliza mihogo. Tulimsikia, likaingia sikio hili likatokea lile. Alikuwa na pikipiki ya serikali isiyo na mafuta, anaisukuma kuliko anavyoipanda, na katika miaka ile kila mtu alikuwa anapita akitangaza jambo. Mara dawa mpya ya pamba, mara mbegu mpya ya mahindi, mara uchangiaji wa huduma. Batobato likawa neno jingine katika hayo.

Msimu wa kwanza dada alituma salamu za furaha tupu. Mihogo imeshika, kisamvu kimesifiwa, mama mkwe amekula akalamba vidole. Majirani walianza kuja na magunia yao, wamekuja kukata, na dada akawachagulia kwa mkono wake kama alivyofunzwa. Mama alizipokea salamu hizo akiwa anapepeta dagaa, akajifanya hakusikia vizuri ili zirudiwe.

Msimu uliofuata dada alikuja mjini kwangu Igogo bila kutuma neno. Alikuwa amekonda. Nilimpa chai, akaishika tu. Akaniambia majani ya mihogo yao yamejisokota yakawa kama ngumi ya mtoto mchanga, shina limedumaa, na ukichimba unakuta vijizizi vyembamba kama vidole. Si kwao tu. Kila nyumba aliyoikatia ilikuwa vilevile, na ugonjwa ulikuwa unasogea kwenda mashamba mengine.

"Mama mkwe anakutukana?" nilimuuliza.

"Hanitukani. Afadhali angenitukana. Akija mgeni ananiita nisalimie, halafu anasema, 'Huyu ndiye mkwe wetu wa Busisi, aliyetuletea muhogo.' Basi. Anasema hivyo tu, na mgeni ananitazama."

"Na mumeo?"

"Mume wangu ananunua unga wa mahindi."

Nilimfungia mapanki, yale mabaki ya sangara ambayo kiwanda kilituuzia baada ya minofu kupelekwa Ulaya, mifupa na vichwa vilivyokaangwa. Aliondoka nayo. Nilibaki nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Nilimchukia yule mama mkwe ambaye nilikuwa nimemwona siku ya harusi tu, akicheza na kutokwa jasho la furaha.

Upande wetu nao ulikuwa umeanza kuharibika. Si shamba la mama peke yake; kijiji kizima, na vijiji vya kule Geita kabla yetu. Ndipo mkutano ukaitishwa ndani ya ghala tupu la chama. Nilikuwa nimekuja kumwona mama, tukaenda pamoja. Bwana shamba alikuwa amekuja na mzigo wa pingili za kigeni, shina lake la kijivu, na habari kwamba watafiti wamepata muhogo usiokubali batobato. Alisema watagawiwa wale watakaokubali kwanza kung'oa mihogo yao yote na kuichoma.

Watu wakalipuka. Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akiketi na baba enzi za uhai wake, alisimama akasema, "Wataalamu hawahawa walituletea sangara. Wakasema samaki mkubwa, mtashiba. Samaki wetu wa zamani, furu, wako wapi leo? Ningu yuko wapi? Na huyo sangara mwenyewe anapanda ndege, sisi tunakula mifupa. Sasa mnataka na muhogo."

"Na bati lako jipya, mzee, ulinunua kwa furu?" sauti ikauliza kutoka nyuma, na ghala likaangua kicheko. Mzee mwenyewe akacheka, ingawa hakukaa.

Mama mmoja akasema amesikia kwa watu wa kuaminika kwamba muhogo wa kutengenezwa unafunga uzazi. Kijana mwingine akasema tangu soko huria dawa za pamba zimekuwa maji matupu na mbegu zimechanganywa, sasa nani anajua humu ndani ya mashina haya kuna nini? Bwana shamba akajibu kwamba hakuna kilichotengenezwa, hayo ya kuchezea mbegu maabara wanayafanya wenzetu mbali huko. Hizi ni za maua ya muhogo huu na maua ya muhogo ule, wameoana tu. "Mahari alipokea nani?" akauliza yule yule wa nyuma. Nilipenda watu wetu siku ile. Walikuwa na njaa na bado walikuwa na utani.

Lakini kilichowakera kuliko uzazi kilikuwa sharti la mwisho. Bwana shamba alisema atakayepewa asimkatie mtu mwingine mpaka yeye arudi kukagua. Wanawake wakaanza kunong'ona. Bibi mmoja akasema kwa sauti, bila kusimama, "Muhogo nisioweza kumkatia mwenzangu huo ni wa serikali. Si wangu." Mama akaitikia kwa kichwa. Nilimjua, alikuwa anatafuta nafasi aongeze la kwake, na lingekuwa kali.

Hapo bwana shamba akafungua mfuko, akatoa jani. Akaliinua juu ili wote walione. Lilikuwa na madoa ya njano, limejikunja kidogo pembeni, bichi, la kawaida kabisa.

"Hili ndilo lenyewe," alisema. "Mnalila kama kisamvu, mnalisifu, na ndiyo maradhi yenyewe yameanza. Ukikata pingili kwenye shina lenye jani hili, umekata ugonjwa. Popote utakapoipanda, muhogo utaota nao."

Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na mama. Sikumtazama. Nilisikia pumzi yake imesimama, halafu ikaja kwa nguvu kama ya mtu aliyetumbukizwa majini. Hakusema lile kali lake. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea mbele yangu, yeye ambaye hupenda kutembea kando ya mtu na kumkata maneno.

Asubuhi aliingia shambani na jembe. Nilidhani anaenda kuangalia. Nilipotoka nilikuta ameshang'oa tuta zima la katikati, ile mihogo mirefu ambayo bado ilikuwa na heri. Hakuanzia kona ya chini. Ile aliiacha ya mwisho. Majirani walikuja kumzuia. Walimwambia asubiri, asiwe mwepesi, muhogo wa mama yake ataupata wapi tena? Yule bibi wa ghalani alimshika mkono kabisa. Mama alijinasua bila kugombana naye, akaendelea. Akarundika mashina, na yaliponyauka akayachoma, moshi ukaenda ziwani. Muhogo wa bibi kutoka Ukerewe ukaishia hapo. Nililia kwa sauti. Yeye hakulia.

Nilijaribu kumtuliza. Bwana shamba alikuwa ameniambia pembeni kwamba ugonjwa huu hauendi kwa pingili tu, unaenezwa na nzi wadogo weupe, na nzi hao huenda wamevuka ziwa wenyewe kabla ya harusi ya dada au baada. Hakuna wa kujua. Nilimpelekea mama maneno hayo kama mtu anayepeleka dawa.

"Nzi hawachagui," alisema. "Mimi nilichagua."

Alikuwa wa kwanza kijijini kupanda pingili mpya. Zilishika vizuri kupita matarajio ya mtu yeyote. Udaga wake ulikuwa na rangi ya kijivu kidogo na ugali haukunata kama ule wa zamani, lakini mizizi ilikuwa mikubwa na majani yalibaki kijani tupu. Bwana shamba alirudi, akakagua, akatoa ruhusa watu wakatiane. Waliobisha ghalani walikuja mmoja mmoja na magunia yao, na yule mzee wa furu alikuwa wa kwanza. Mama akawaambia waende kwa bwana shamba. Walidhani ni sharti lile bado. Walipojua kwamba ruhusa ipo, walianza kusema kwamba mjane yule amepata mbegu ya kisasa akaota na roho ya kisasa. Yalimfikia. Hakujitetea, na hakumkatia mtu hata pingili moja.

Halafu dada akaja. Ilikuwa Jumapili, nami nilikuwa nyumbani. Tulimwona akitokea njiani na gunia tupu limekunjwa kwapani. Alipiga goti akamwamkia mama, mama akaitika, wakaulizana habari za huku na za kule. Alikunywa maji. Kisha akasimama, akalikunjua gunia na kusema kama inavyotakiwa, "Mama, nimekuja kukata."

Nyuma ya mama shamba lilikuwa limesimama, kijani mpaka chini kwenye mfereji.

"Sina," mama alisema.

Dada alitazama shamba, akanitazama mimi, akamtazama mama tena. "Mama?"

"Sina, mwanangu. Nenda kwa bwana shamba wa kwenu. Yeye ndiye anayegawa."

Sikuwa nimewahi kusikia neno lile kutoka kinywani mwake, si kwa mtu wa mbali, si kwa mlevi, si mwaka wa njaa. Dada alilikunja gunia lake polepole, pembe kwa pembe. Hakukaa kula. Nilimsindikiza hadi barabarani na nilikuwa na maneno mengi, lakini yeye aliniwahi. "Mwache," alisema. "Mama amekuwa mtu wa kisasa." Alicheka kidogo, na kicheko chenyewe kilinikata maini.

Niliporudi nilimkuta mama amekaa palepale. Nilikuwa nimekuja na ghadhabu zangu zote nimeziandaa. Akanionyesha kiganja chake cha kulia. "Huu mkono," alisema, "nilimchagulia nao ugonjwa, shina kwa shina, nikaacha mazima. Nikimkatia tena nitalala? Akate mtu mwingine, apone." Akaniomba nisimwambie dada juu ya kona ya chini. Alisema dada akijua kwamba yale mashina hayakukatwa kwa bahati mbaya, kwamba yalichaguliwa, hatakula tena chakula chake hata siku ya msiba. Nilimwahidi. Alikuwa mama yangu, na aliniomba.

Dada hakuvuka tena kuja nyumbani. Alituma salamu, mama alituma salamu. Mjini walikutana kwangu siku mtoto wa dada alipokuwa akitibiwa, wakazungumza juu ya mtoto na bei ya unga na gugumaji lililoziba mwalo wa wavuvi, kila mmoja akimwekea mwenzake chakula kwenye sahani kwa uangalifu wa kutisha. Muhogo haukutajwa.

Mama aliugua masika, homa iliyoanza kama mchezo. Nilipofika alikuwa hanitambui vizuri. Dada alifika baada ya mama kukata roho. Alipiga magoti kando ya kitanda akamwamkia, shikamoo mama, akangoja kidogo, kisha ndipo akaanza kulia.

Tulimzika. Watu walikuwa wengi, na kwa kuwa ilikuwa miezi ya shida, msiba wote ulilishwa na shamba lake. Siku ya pili mimi na dada tulikuwa nyuma ya nyumba tunamenya muhogo wa kuchemsha, tumekaa kwenye vigoda viwili, lundo kati yetu. Niliona siwezi kukaa na jambo lile ndani ya kifua changu na huku yule aliyeniomba amelala chini. Nikamwambia dada yote. Kona ya chini, jani la ghalani, nzi, mkono. Nikamwambia mama alisema sina kwa sababu ya woga, si kwa sababu ya uchoyo, na kwamba alikuwa anamkinga na mkono wake mwenyewe.

Dada hakuacha kumenya.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Bwana shamba alipita na kwetu pia, na jani lilelile. Nilipoliona tu nikajua mama alikata wapi. Angekata wapi kwingine, na mimi ndiye niliyekuwa nakililia kile kisamvu?"

Nikamuuliza, sasa siku ile alikuja kutafuta nini, na njaa yote ile, kwa nini hakusema?

"Njaa ilikuwa imekwisha. Pingili mpya tulishapata, mihogo ilikuwa imenipita kichwa, hata mama mkwe ameshaanza kunitania." Alichukua muhogo mwingine, akaupasua kwa kisu ubavuni. "Sikuja kwa ajili ya muhogo. Nilijua anajilaumu. Nilikuja anikatie, hata pingili moja, nirudi nayo kwangu mbele ya macho yake. Nikaona nikisema maneno hatayaamini. Akinikatia ataamini."

Nilitaka kumshika, lakini mikono yangu ilikuwa na utomvu.

"Akasema hana," dada alisema. Akalivuta lile gome, akalitupa, akaniuliza kama maji yameshachemka, maana wageni walikuwa bado hawajala.